Sanaa Ng'ambo ya Mto: Matembezi Kando ya Thames

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii haikuwafaa waigizaji wa London mwishoni mwa karne ya 16. Wakuu wa jiji waliiona michezo ya kuigiza kuwa chanzo cha uzembe, fujo na kuenea kwa tauni, wakaipiga vita. Baadhi ya makundi ya waigizaji yalivuka Mto Thames, yakajenga kumbi zao upande wa kusini ambako amri za wakuu hao hazikufika. Ajabu ni kwamba ukingo huo uliodharauliwa ndio leo mojawapo ya makao makuu ya sanaa jijini humo. Makala haya yanaufuata ukingo huo kwa miguu, kutoka Daraja la Westminster hadi Tower Bridge, mwendo wa takriban kilomita 4.

Mtembezi aelekeaye mashariki huwa na mto kushoto kwake. Hukutana kwanza na London Eye, gurudumu lenye kimo cha mita 135 lililoanza kubeba watu mwaka 2000. Mbele yake ni Royal Festival Hall, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 1951, wakati Waingereza walipokuwa wangali wakigawiwa vyakula kwa kipimo kutokana na athari za Vita Vikuu vya Pili. Chini ya Daraja la Waterloo, wauzaji wa vitabu vikuukuu hupanga meza zao. Hatua chache kutoka hapo husimama National Theatre, jengo la zege lililofunguliwa mwaka 1976 na lenye kumbi tatu za maonyesho.

Baada ya mwendo wa kitambo huonekana dohani refu la matofali. Hili ni jumba la Tate Modern, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Tangu mwaka 2000 limekuwa hifadhi ya sanaa za kisasa, na kutazama mkusanyiko wake wa kudumu hakutozwi ada.

Jirani na Tate Modern kuna ukumbi wa Globe. Globe ya kwanza ilijengwa mwaka 1599 na kundi la Shakespeare. Mtu wa kawaida aliweza kulipa peni moja na kutazama mchezo akiwa amesimama uani. Mwaka 1613 mzinga uliofyatuliwa wakati wa onyesho uliwasha paa la nyasi na ukumbi ukateketea. Ulijengwa upya mwaka uliofuata, lakini mwaka 1642 Bunge lilizifunga kumbi zote za maigizo. Ukumbi wa sasa, uliofunguliwa mwaka 1997, ni tunda la juhudi za mwigizaji Mmarekani Sam Wanamaker, aliyefariki mwaka 1993 kabla haujakamilika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ukumbi huu una uzito wa pekee. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuthibitisha, kwa tafsiri zake za mwaka 1963 na 1969, kuwa Kiswahili kina uwezo wa kuibeba kazi ya Shakespeare. Mwaka 2012, katika tamasha lililoleta tamthilia 37 kwa lugha 37, Kiswahili kilipanda jukwaa la Globe. Waigizaji wa Afrika Mashariki waliigiza The Merry Wives of Windsor, naye mghani Mrisho Mpoto wa Tanzania akaigiza nafsi ya Falstaff. Lugha hiyo haikuwepo hapo kama mgeni mwombaji. Ilikuwa mojawapo ya lugha za tamasha, sawa na nyinginezo.

Njia hupita Kanisa Kuu la Southwark, alikozikwa Edmund, mdogo wake Shakespeare, kisha hufika Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894. Anayefika hapo huwa ameona ushahidi wa kutosha kwamba amri inaweza kuihamisha sanaa lakini si lazima iiue. Hata hivyo, Globe haikufufuka yenyewe. Ilihitaji watu waliokataa kuisahau. Tamthilia ya Kiswahili nayo yahitaji watu wa namna hiyo: wa kuiandika, wa kuitafsiri na, zaidi ya yote, wa kuiigiza, ili mcheza kwao atunzwe kwelikweli.