Betri ya bodaboda na furu mia mbili

Nilikwenda kisiwani Ukerewe kuuliza habari za bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Wavuvi walinijibu, nami niliandika, lakini kilichonikaa kichwani ni pipa. Lilikuwa pipa la bluu la plastiki lililokatwa nusu, limefungwa kwa vipande vya tyubu kwenye mataruma ya mtumbwi uliotia nanga karibu na mwalo. Ndani yake maji yalikuwa yakinyunyizwa bila mtu kuyagusa. Mashine ya mtumbwi ilikuwa imezimwa na jenereta haikuwepo. Chini ya manyunyu hayo furu wadogo wapatao mia mbili walikuwa wakizunguka polepole, vichwa vyote vikielekea upande mmoja.

Nikauliza maji yanasukumwa na nini. Mwenye pipa ni mvuvi wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, mtu wa makamo, na ameniomba nisiandike jina lake. Alifunua ndoo iliyokuwa pembeni mwa pipa. Ndani mlikuwa na betri ya bodaboda.

"Ni hii tu, dada," akasema. "Lakini usiione ndogo. Nimesumbuka nayo mpaka tukaelewana."

Mchana ule wote nikabaki kwenye mtumbwi wake. Mabondo yalisubiri.

Saa kumi za kuwaweka hai

Migonzo hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kila ndoano inataka chambo, na sangara ni mwindaji: kinachotikisika humvuta. Chambo mfu naye huliwa, ila kila mvuvi niliyezungumza naye pale mwaloni anaapa kwamba chambo hai hushinda. Furu wa chambo huvuliwa asubuhi kwenye mawe ya ufukweni, kwa ndoano ndogo na nyungunyungu, kazi ambayo watoto wa kisiwani huifanya vizuri kuliko wakubwa. Kati ya kumvua furu huyo na kumtega kuna saa kama kumi. Shida yote imo ndani ya saa hizo.

"Zamani nilikuwa nawaweka kwenye ndoo," anasimulia. "Nabadilisha maji kwa kopo. Ukienda kunywa chai ukanogewa na mazungumzo, unarudi wamegeuza matumbo. Jioni unatega nusu wazima, nusu wafu, na wewe mwenyewe umechoka kabla safari haijaanza."

Kinachowaua ni kukosa pumzi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huwa na joto la nyuzi 25 hivi. Katika hali hiyo lita moja ya maji hubeba oksijeni miligramu 7 na kidogo, basi. Pipa hili hujazwa lita 60, kwa hiyo akiba yote ya pumzi iliyomo ni miligramu 430 hivi. Furu mia mbili wa ukubwa ule wana uzito wa karibu kilo mbili, na samaki wadogo wa maji ya joto hutumia mamia ya miligramu kwa kila kilo kwa saa, na zaidi wakishtuka. Maji yakikaa bila kusogea, akiba hiyo haimalizi saa nzima. Jua likipanda mambo huzidi kuharibika, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni pungufu wakati ule ule ambao samaki wanaihitaji zaidi.

Yeye hana habari na miligramu. Anatazama midomo. "Ukiona wamepanda juu wanakamata hewa, umeshachelewa. Hapo hata ukiwawekea maji mapya, jioni kwenye ndoano watalala tu. Mimi nataka furu anayenipiga mkono nikimshika."

Pampu iliyokuwa kubwa mno

Pampu yake ya kwanza aliinunua Mwanza, moja ya zile za kutolea maji yanayoingia kwenye boti. Karatasi yake ilisema inasukuma lita zipatazo 1,900 kwa saa, kwa umeme wa volti 12. Mtumbwi wenyewe hauna umeme wa kuazima: mashine ya nguvu za farasi 15 huwashwa kwa kuvuta kamba, haina betri yake. Akachukua betri kuukuu ya pikipiki, ya ampea-saa 7, akaunga waya mbili, maji yakaruka. Mwalo mzima ulikuja kutazama.

Kabla ya adhuhuri moto ulikuwa umekwisha.

Pampu ile ilikuwa ikila ampea 2. Saba kwa mbili ni saa tatu na nusu, lakini hata hizo si zake zote. Betri ya risasi ikinyonywa zaidi ya nusu kila siku, huzeeka upesi na mwishowe haishiki chaji. Ukitaka idumu, unazo saa mbili pungufu. Yeye alikuwa akitaka kumi.

Tena maji yale yaliwaumiza samaki. Lita 1,900 kupita kwenye pipa la lita 60 ni kuyabadilisha maji zaidi ya mara 30 kila saa. Furu walikuwa wakiogelea dhidi ya mkondo mchana kutwa. "Nilikuwa nawakimbiza mwenyewe, halafu nashangaa wanakufa," anasema, na kwa mara ya kwanza anaacha kunitazama, anawatazama wao.

Fundi mmoja wa sola alimshauri aweke swichi ya saa: pampu isukume dakika moja, ipumzike nne. Kwa umeme, ushauri ule ulikuwa sahihi, maana matumizi yangeshuka hadi wastani wa ampea 0.4 na betri ingefika jioni. Aliukataa. "Dakika nne ni nyingi kwa aliyebanwa pumzi. Na hiyo swichi ikigoma mimi niko majini, nani atajua?"

Alichokuja kukubali ni pampu ya kiganjani, ya aina wanayoweka watu kwenye chemchemi za bustani. Ni ya wati 5, inaning'inia nje majini, inasukuma lita 240 kwa saa, na inakula hiyo hiyo ampea 0.4, ila haipumziki. Maji ya pipa yanabadilika mara nne kwa saa. Mkondo ni mpole, na furu wanauelekea bila kuchoka. Mwisho wa mpira wa maji amefunga kipande cha bomba alichokitoboa matundu madogo kwa msumari wa moto, ili maji yaanguke yakiwa yamepasuka-pasuka na kubeba hewa njiani.

Hizo lita 240 ni za kwenye karatasi. Kila unavyoyapandisha maji juu zaidi, pampu ndogo hutoa pungufu. Ndiyo maana pipa lake ni fupi. Alilikata mara ya kwanza likawa refu, akaona maji yanadondoka kwa unyonge, akalikata tena. Tundu la kutolea maji liko karibu na ukingo, limezibwa kwa wavu, na bomba lake ni pana kuliko la kuingizia. "Maji yakiingia kwa nguvu kuliko yanavyotoka, unakuwa umeleta ziwa ndani ya mtumbwi."

Saa kumi kwa ampea 0.4 ni ampea-saa 4, bado zinazidi kidogo nusu ya betri. Hapo ndipo akafanya jambo lililonivutia kuliko yote. Alinunua paneli ya sola ya wati 20 na kuifanya mfuniko wa pipa. Jua kali la mchana, lile lile linalowapunguzia furu pumzi, linaipa paneli karibu ampea moja, zaidi ya mara mbili ya kinachohitajiwa na pampu. Kinachobaki kinaingia kwenye betri kupitia kifaa kidogo cha kudhibiti chaji. Na kwa kuwa paneli imelifunika pipa, chini yake kuna kivuli. Niliingiza mkono ndani, kisha kwenye ndoo ya maji iliyokuwa juani. Tofauti haikuhitaji kipimajoto.

"Asubuhi na jioni betri inafanya kazi," anaeleza. "Mchana ni zamu ya jua."

Kitu cha kufunguliwa

Pipa lote linatoka. Tyubu nne zinafunguliwa, maji yanamwagwa, pampu inazungushiwa mpira wake, betri inabebwa na ndoo yake. Nilidhani ni kwa hofu ya wezi, na wezi wapo. Akanieleza sababu nyingine. Alfajiri nafasi ile ya katikati ni ya sangara na barafu. Tena maji hayana adabu ndani ya chombo: lita 60 ni kilo 60, uzito wa mtu mzima, na mtu huyo hakai akatulia. Mtumbwi ukilala upande, naye analala upande huo huo. Kwa hiyo pipa hukaa katikati na chini kabisa, halijazwi hadi ukingoni, na mawimbi yakichafuka kazi ya kwanza ni kulimwaga. "Furu watapatikana kesho," anasema.

Mtumbwi ukienda kasi, pampu haiwezi kuning'inia nje kwenye bomba lake, maji yangeling'oa. Huinuliwa na kutumbukizwa ndani ya pipa lenyewe, ikazungusha maji yale yale na kuyanyunyizia tena. Maji hayo huchafuka kwa kinyesi cha samaki, lakini safari ya kwenda kutega haimalizi saa mbili. Kituoni inarudishwa nje. Betri iko upande wa mbali na tangi la petroli, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na waya huungwa kabla tangi halijafunguliwa, kwa kuwa cheche ni cheche hata ikiwa ya volti 12. Karibu kabisa na betri, kwenye waya mwekundu, kuna fyuzi. Aliiweka baada ya waya kuchubuka na kuyeyusha ganda lake mbele ya macho yake.

Sababu kubwa kuliko zote aliisema mwisho. Mtumbwi si wake. Mashine si yake, na migonzo si yake. Vyote ni vya tajiri, kama ilivyo kwa wavuvi wengi wa ziwa hili, na siku wakikosana atashuka na nguo zake. Pipa ni lake.

Nilimuuliza kwa nini asitumie vifaranga vya kambale. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, hukaa ndooni bila pampu, na ng'ambo ya pili ya ziwa, Uganda, wavuvi wa sangara wamekuwa wateja wazuri wa watotoleshaji wa vifaranga hivyo. "Kambale anataka hela kabla hujapata samaki," akajibu. "Na ukiwachanganya wakubwa na wadogo wanakulana. Furu ananidai asubuhi yangu tu."

Jibu hilo naliheshimu, na bado halinitoi wasiwasi. Baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za furu zilitoweka; makadirio yanayotajwa sana ni kama mia mbili, aina ambazo hazikuwahi kuishi mahali pengine duniani. Baadhi ya waliosalia waliongezeka tena kuanzia miaka ya 1990. Pale mwaloni hakuna anayewatenganisha, wote ni furu, wote ni chambo. Yeye huwavua kwa ndoano. Wapo wanaowakokota kwa makokoro yaliyopigwa marufuku, kwenye mazalia. Chombo kinachowaweka hai furu mia mbili mpaka jioni ni faraja kwa mvuvi, maana havui mia nne ili abakiwe na nusu. Je, kikienea kitapunguza uvuaji huo, au kitawafanya watu watege ndoano nyingi zaidi? Na betri zikifa, risasi na tindikali yake viende wapi kisiwani ambako mnunuzi wa chakavu hupita anapopenda? Zake mbili zilizokufa ziko chini ya kitanda chake.

Kuna pia swali la mgawo. Samaki wakiuzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, mafuta yakiongoza, ndipo tajiri na wavuvi wagawane. Aliomba betri ihesabiwe pamoja na mafuta. Akajibiwa kwamba pipa ni lake, alilileta mwenyewe, na hakuna aliyemtuma. Hiyo ndiyo sababu jina lake halimo humu. Nami nasema wazi kwamba jibu hilo halikuwa la haki. Sangara aliyenaswa kwa furu wa pipa lile anapimwa kwenye mzani wa tajiri sawasawa na wengine, na faida yake haiulizwi ililetwa na nani.

Sasa tajiri wa mwalo wa jirani amemtumia salamu. Anamtaka, na ameuliza pipa litakuja naye kila safari au angependa kuliuza moja kwa moja. Akiliuza atapata fedha za kutengeneza jingine lililo bora, lenye betri mpya. Lakini tajiri huyo atabaki na pipa, na atakuwa huru kumpakia mvuvi yeyote anayejua kuunga waya mbili. Asipoliuza, anakwenda kwenye mazungumzo ya mgawo akiwa na kitu ambacho mwenzake hana. Nilipoondoka alikuwa hajapeleka jibu.