Umeme inapita juu, makala inapita chini

Simama asubuhi pembeni ya barabara pa Mulungwishi, kati ya Likasi na Fungurume, utaona mambo mawili kwa mara moja. Juu kuna nyaya nene za umeme, zinaenda zao. Chini kuna vijana wanaosukuma makinga, kila kinga imebeba mifuko mitatu ya makala, jasho inatiririka mpaka ku miguu. Makala inaenda ku Likasi, ku mbabula ya bamama. Umeme nayo inatupita kama mugeni mukubwa asiyesalimia.

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama mwenye kutusoma pamoja na batoto, hiyo njo habari ya leo. Siku hizi makampuni ya shaba na kobalti wanapenda kusema mali yao ni safi. Wanunuzi wa Ulaya wanauliza: kilo moja ya shaba imetoa moshi ngapi? Ni swali nzuri. Dunia inapata joto, mvua inachelewa, na sisi wenye kulima mahindi nyuma ya nyumba tunajua. Lakini hesabu hiyo wanaifanya paka ndani ya geti ya kampuni. Miye ni mutu ya sindika, na ninasema: hesabu yenye kuishia ku geti haijatimia.

Turudi nyuma kidogo. Mu 1911, wakati tanuru ya kuyeyusha shaba iliwashwa ku Lubumbashi, ilikula koki yenye kutoka ku Wankie, leo Hwange, mu Zimbabwe. Gari la moshi njo lilileta. Treni ikikwama huku chini, tanuru inalia njaa. Union Minière ikatafuta nguvu ya karibu. Mu 1930 Mwadingusha ikaanza kutoa umeme kwa maji ya Lufira. Koni ikafuata, kisha Nzilo na Nseke ku muto Lualaba, mu miaka ya 1950. Wakati ule hakuna aliyesema kuhusu kaboni. Lakini wazee wetu waliotumika ku ile mabaraji walifanya kazi yenye dunia inatafuta leo: kutoka ku makaa ya mawe na kuingia ku maji.

Na kuna jambo vijana wengi hawajui. Mu 1956 waya ilivutwa kutoka Likasi, yenye iliitwa Jadotville, mpaka Kitwe. Umeme ya Nseke ikalisha migodi ya Zambia, mpaka baraji ya Kariba ilipoanza kazi kwenye 1960. Ndiyo, muliisoma muzuri: sisi njo tulikuwa tunauzishia Zambia umeme.

Leo mambo imegeuka. Migodi imeongezeka kutoka Kolwezi mpaka Kipushi, mabaraji ni karibu yale yale. Inga inatuletea umeme kwa waya yenye urefu wa kilometa 1.700 hivi, ilianza kazi mu 1982. Waya ile ni ya nguvu sana na ya aina yake: haiwezekani tu kupanda ku nguzo na kuchota umeme kwa ajili ya mugini. Ilitoka Inga, ikaruka vijiji vya inchi nzima, ikatua ku Kolwezi kwa ajili ya migodi. Na hata hivyo haitoshi. Kwa hiyo makampuni wananunua umeme kwa majirani, ikipitia Zambia.

Hiyo biashara iko na nyumba yake. Mu 1995 mainchi za kusini mwa Afrika ziliunda umoja wa umeme wenye unaitwa SAPP. Leo ni mainchi 12, na Kongo yetu ni memba. Mwenye kuwa na umeme mingi anamuuzishia mwenye kukosa. Ni kama bamama wa kikirimba ku sokoni: leo wewe unapata, kesho miye. Lakini kikirimba inakufa siku wote wanafilisika pamoja.

Siku ile ilifika mu 2024. Mvua haikunyesha. Mwisho wa Februari, Rais Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa musiba wa taifa. Zambia ilikuwa inapata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ku maji, na maji ya Kariba ilishuka sana. Kuna nyumba za Lusaka na Kitwe zilikaa zaidi ya masaa 17 kwa siku bila umeme. Sasa mutu anayelala giza atakuuzishia lampe yake?

Zambia ilifanya nini? Ilirudi ku makaa ya mawe. Kule Maamba kuna santrali ya makaa ya megawati 300, na mu 2024 walianza kujenga ingine yenye nguvu ile ile. Afrika ya Kusini nayo, mwenye duka kubwa ya umoja huu, sehemu kubwa ya umeme wake inatoka ku makaa. Sitawalaumu. Mugonjwa ku ospitali ya Ndola hawezi kungoja mvua. Lakini tuseme ukweli: umeme wenye kuingia ku mugodi wa Katanga kwa kupitia Zambia hauna rangi. Maji ya Kariba na makaa ya Mpumalanga yako ndani ya waya moja.

Na kwetu? Umeme ikipunguka, mugodi unawasha magrupu ya mazutu. Mazutu inakuja kwa malori, ikipanga foleni ku Kasumbalesa. Kiwanda cha shaba kinakula umeme usiku na muchana: ku bassin za elektrolizi shaba inashika ku katodi kwa nguvu ya umeme tu. Umeme ikikatika, shaba inasimama. Mu mugodi wa chini ya udongo ni hatari zaidi, kwa sababu ni umeme njo inazungusha vipepeo vya kuleta hewa na pompi za kutoa maji. Mutumikaji wa chini hahesabu megawati. Anahesabu pumzi.

Kisha kuna karatasi. Kwa kampuni moja nilipokuwa delege, umeme ilipunguka, na juma ile ile tangazo likabandikwa ku mulango: konje teknike. Batumikaji walirudi nyumbani na sehemu ya mushahara, bila kujua watarudi siku gani. Baba mumoja akaniuliza: « Delege, miye njo nilikata umeme? » Sikupata jibu. Miezi ile, wengine walinunua shoka, wakaenda mu pori kuchoma makala. Muone basi: ukosefu wa umeme ku mugodi unakata miti ku Mulungwishi. Na ule moshi hakuna kampuni inaandika ku raporo yake.

Karibu Mukongomani 1 tu kati ya 5 njo anapata umeme. Wengine wote ni makala na kuni. Miti ya miombo yenye kushika maji ya mito yetu inakwisha, na mito hiyo njo inazungusha mabaraji. Tunakata tawi lenye tunakalia.

Dawa ziko. Mwadingusha yenye kuzeeka ilitengenezwa upya, na mu 2021 ilirudi na megawati 78. Sicomines ilijenga Busanga, megawati 240. Makampuni mengine wameanza mikataba ya jua na betri. Tanzania imemaliza baraji ya Nyerere ku muto Rufiji, megawati 2.115, na waya ya kuiunganisha na Zambia inajengwa. Mvua ikikosa upande mumoja, inaweza kunyesha upande mwingine. Jua nayo haiogope ukame. Umoja ni muzuri, lakini usiegemee muto mumoja.

Ila baraji mupya lisilofika ku mbabula litaacha miti ianguke. Tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014, SNEL haiko peke yake: kampuni ingine inaweza kutoa na kuuza umeme. Kode ya migodi ya 2018 inaomba kila kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji, tena iandike kahié ya masharti pamoja na wakaaji. Hapo njo pa kuweka kabini ya umeme ya site, mbele ya terrain ya mpira. Na ku mapatano ya kazi, tuandike nani analipa siku ya giza.

Ku mukutano unaokuja, kila delege aulize bakubwa wake maswali mawili: umeme ikikosa, mushahara wetu utakuwa namna gani? Na waya inayopita juu ya kichwa chetu itashuka lini? Jibu liandikwe ku PV, na musitie sahihi kama halimo.