Hodi kwa Mzee Wakati wa Joto

Kila askari aliyepita chuo cha mafunzo anajua jinsi joto linavyoweza kumwangusha mtu. Katika mwendo mrefu wa miguu, mzigo mgongoni na bunduki begani, kuruta mwenye afya njema huanza kuyumba, maneno yake hukosa mpango, kisha huanguka. Mwalimu hodari hangoji hatua hiyo ya mwisho. Humtazama usoni, humwuliza jina lake, humwamuru anywe maji na kumpeleka kivulini. Kwa hiyo kuruta hapambani na joto peke yake. Daima yupo mwenzake katika safu wa kumtazama.

Mzee anayeishi peke yake mjini hana safu. Joto linapomvamia chumbani, hakuna anayemwona akiyumba. Makala haya yanakusudia kueleza hatari hiyo kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, na mfano ulio wazi ni yale yaliyoufika mji wa Chicago, nchini Marekani, mwezi Julai, 1995.

Tarehe 13 ya mwezi huo, kipimajoto katika uwanja mmoja wa ndege wa Chicago kilifikia nyuzi 41 za Sentigredi. Unyevu ulikuwa mwingi, hata mwili ukahisi kana kwamba joto limepita nyuzi 50. Usiku nao haukuleta nafuu, kwani kuta za matofali na barabara za lami, zilizoota jua mchana kutwa, ziliendelea kutoa joto mpaka alfajiri. Mitambo ya umeme ilizidiwa, na maelfu ya nyumba zikakosa umeme. Watu walifungua mabomba ya zimamoto mitaani ili wajimwagie maji, na baadhi ya mitaa ikakosa maji majumbani. Hospitali zaidi ya 20 zilijaa hata zikashindwa kupokea wagonjwa wapya walioletwa na magari ya dharura.

Katika muda wa juma moja walikufa watu 739 zaidi ya idadi ambayo kwa kawaida ingetarajiwa. Wengi wao walikuwa wazee. Chumba cha maiti cha serikali kilifurika, yakaletwa magari makubwa yenye mitambo ya baridi na kupangwa nje ili kuhifadhi miili. Polisi ndio waliokuwa wakiitwa kuvunja milango iliyofungwa kwa ndani na kuwatoa waliokufa. Mwezi Agosti, makumi ya maiti waliokosa ndugu wa kuwapokea walizikwa pamoja katika kaburi moja refu.

Yafaa tuulize: kwa nini wazee? Jibu la kwanza limo mwilini. Mwili wa binadamu hujipoza kwa kutoa jasho na kwa kupeleka damu karibu na ngozi. Umri unapokwenda, jasho hupungua, moyo huchoka upesi, na hata kiu huwa dhaifu. Mzee anaweza kupungukiwa na maji asione haja ya kunywa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zile zinazoongeza mkojo, huzidi kumpunguzia maji. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, likifika nyuzi 40 au zaidi, akili huvurugika na uhai wenyewe huwa hatarini.

Lakini jibu la pili ndilo lenye uzito kwetu, nalo halimo mwilini. Wataalamu waliochunguza vifo vya Chicago walilinganisha waliokufa na majirani zao waliosalimika. Waligundua kwamba walioishi peke yao, wasiotoka nje kila siku, waliolala kitandani kwa ugonjwa na waliokaa ghorofa ya juu kabisa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Waliokuwa na mashine ya kupoza hewa walisalimika kwa wingi. Vile vile walisalimika wengi waliokuwa na usafiri wa kuwatoa nyumbani, au marafiki na jamaa wa kuwatembelea.

Mtaalamu wa mambo ya jamii, Eric Klinenberg, alilichunguza jambo hili na kutoa kitabu mwaka 2002. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Hata hivyo, kwa kulinganisha idadi ya wakazi, vifo vya North Lawndale vilikuwa mara kumi ya vile vya South Lawndale. Katika mtaa wa kwanza maduka yalikuwa yamefungwa, nyumba nyingi zimehamwa, na wazee walijifungia ndani kwa hofu ya wahalifu, madirisha yakiwa yamefungwa. Katika mtaa wa pili barabara ilijaa maduka na watu, na mzee aliweza kutoka, kukaa dukani penye ubaridi na kusalimiana na watu. Tunaona basi kwamba usalama wa barabara, ambao ni kazi ya polisi, ulikuwa pia kinga dhidi ya joto.

Jambo jingine lapasa kuwagusa wanaume wa majeshi. Wanawake wazee wanaoishi peke yao ni wengi kuliko wanaume. Lakini katika joto lile, uwezekano wa mwanaume kufa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanamke wa umri wake. Mwanamke hudumisha ujirani na watoto wake hata uzeeni. Mwanaume wengi wa marafiki zake ni wa kazini, na kazi ikiisha, nao hutawanyika. Askari mstaafu ambaye kwa miaka 30 aliitikia jina lake kila asubuhi gwarideni aweza kukaa siku tatu bila kuitwa na mtu yeyote.

Chicago ilijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1995 polisi wake walikuwa na maofisa maalumu wa kuwahudumia wazee, lakini hawakutumwa kuwatazama majumbani. Joto kali liliporudi mwaka 1999, tahadhari ilitolewa mapema, vituo vyenye ubaridi vikafunguliwa, na polisi pamoja na watumishi wa mji wakatumwa mlango kwa mlango kwa wazee wanaoishi peke yao. Safari hiyo walikufa watu 110. Bado ni msiba, lakini tofauti yaonekana.

Ufaransa ilipata somo hilo hilo mwezi Agosti, 2003, wakati watu wapatao 15,000 walipokufa, wengi wakiwa wazee, huku jamaa wengi wakiwa mapumzikoni mbali na miji. Mjini Paris, vyumba vya juu kabisa chini ya mapaa ya zinki vilikuwa kama tanuri. Baadaye sheria iliziagiza ofisi za miji kuweka orodha ya wazee wanaotaka kuangaliwa, ili hatari inapotangazwa wapigiwe simu au kutembelewa.

Paa la zinki la Paris na paa la bati la kwetu ni ndugu. Tuna wazazi na wastaafu katika vyumba vya kupanga mijini. Siku za joto, askari na awatembelee, asubuhi na jioni. Ahakikishe mzee anakunywa maji kidogo kidogo bila kungoja kiu, isipokuwa daktari amemwekea kiasi. Kwamba dirisha hufungwa na kuzibwa kwa pazia mchana na kufunguliwa usiku. Kwamba mzee amehamia kivulini saa za jua kali. Feni isitegemewe hewa ikipita nyuzi 40, kwa maana huko humpulizia moto. Dawa zisiachwe bila shauri la daktari.

Akimkuta mzee ana mwili wa moto, anasema ovyo au amezirai, asipoteze dakika. Aite gari la hospitali, amtoe kwenye joto, amlegeze nguo, amlowanishe maji baridi na kumpepea, aweke vitambaa vya baridi shingoni na kwapani. Aliyezirai asinyweshwe kitu.

Kazi hii haihitaji bunduki wala amri ya makao makuu. Mlango wa mzee utagongwa kwa njia moja kati ya mbili: ama mtu atapiga hodi mapema na kujibiwa karibu, ama polisi ataitwa baadaye auvunje. Ndugu askari, tupige hodi.