Majina Yaliyobaki Burma
Sehemu ya Pili ya makala kuhusu askari wa West Nile

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1914. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa ameikodi nchi ya Lado, alikufa Desemba 1909. Nchi ikapita mikononi mwa Sudani, kisha sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda, na bwana Weatherhead, mtawala wa Kiingereza, akafungua boma la Arua. Mwaka huohuo Ulaya ikaingia vitani. Wilaya ambayo watu wake walikuwa hawajaizoea hata bendera mpya ikaanza kudaiwa vijana.

Jeshi lililowachukua lilikuwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Liliundwa tarehe 1 Januari 1902, na bataliani yake ya nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Tuliona kwamba shina la bataliani hiyo lilikuwa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, waliochukuliwa na Lugard huko Kavalli mwaka 1891, wazee wa Wanubi wa leo. Ndiyo maana Mkakwa wa Koboko alipofika kambini hakujiona mgeni kabisa: alikuta mashaushi waliosema lugha aliyowahi kuisikia sokoni kwao, na Kiswahili akajifunza gwarideni.

Leo naacha habari za mapigano na kufuata jambo moja tu: majina ya waliokufa yaliandikwa wapi, na nani aliamua.

Kwa upande wa Ulaya jibu linajulikana. Mei 1917 Waingereza waliunda Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, chini ya Fabian Ware. Kanuni yake ilikuwa nzuri, na mimi naiheshimu hadi leo: kila aliyekufa aandikwe jina lake, juu ya kaburi lake, au ukutani kama kaburi halijulikani, bila kumtofautisha jenerali na askari wa kawaida. Ukienda Ufaransa au Ubelgiji utaona kuta ndefu zilizojaa majina ya vijana ambao miili yao haikupatikana.

Afrika Mashariki kanuni hiyo haikuwafikia wenyeji. Vita vya huku viliisha Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri. Keya ilikuwa imekua ikapita askari 30,000, na nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba risasi na unga kutoka pwani hadi Msumbiji, wakafa kwa maelfu mengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kambi zao. Wakubwa wa makoloni walipoulizwa juu ya makaburi ya watu hao, majibu yalikuwa mabaya. Serikali ya Tanganyika ilitaka makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Mwingine, wa Gold Coast, alisema kwamba mwenyeji hangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Sisi, ambao katika miji yetu kaburi la babu huwa ndani ya uwanja wa nyumba na watoto hukua wakilizunguka, tuliamuliwa kwamba hatujui kaburi ni nini!

Badala ya majina zikaletwa sanamu. Mchongaji James Alexander Stevenson alitengeneza askari na wapagazi wa shaba kwa ajili ya miji mitatu: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Zilisimamishwa kati ya 1927 na 1928. Ile ya Dar es Salaam ilichukua mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa. Maneno ya chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling na kuandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yakiahidi kwamba wana wa anayefia nchi yake watalikumbuka jina lake. Nimesimama mbele ya sanamu ya Nairobi, pale Kenyatta Avenue, na sikuweza kuyasoma maneno hayo bila uchungu. Yanaahidi jina, na hakuna jina hata moja lililochongwa hapo.

Miaka mia baadaye Tume yenyewe ilikiri. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza hawakutajwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mtu wa Arua aliyekufa mwaka 1917 huko Rufiji, kwa kadiri ya desturi ya wakati ule, yumo katika hesabu hiyo.

Vita vya pili vilikuwa tofauti, na hapa ndipo wengi wetu hatujui kinachotuhusu. Wauganda wapatao 77,000 walijiandikisha. Bataliani ya nne ya Keya iliwekwa katika brigedi ya 21, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw, Burma, kutoka Tamu kuelekea Kalemyo, katikati ya masika. Majeshi mengine yaliliogopa bonde hilo kwa sababu ya malaria. Barabara zilikuwa matope, magari yalizama, chakula kikadondoshwa kwa ndege. Desemba walifika Kalewa, na daraja likajengwa juu ya mto Chindwin. Wapo waliozikwa njiani, na makaburi yao yakapotelea msituni.

Lakini safari hii majina yaliandikwa. Huko Taukkyan, nje ya mji wa Rangoon, kuna mnara wenye nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, na Keya imo. Huko Nairobi, katika makaburi ya vita ya Ngong Road, kuna Mnara wa Afrika Mashariki, ambao miongoni mwa majina yake wamo wapiga mizinga waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Basi jina la mzee wa Maracha au Ludara laweza kuwa limechongwa vizuri kabisa katika nguzo ya Burma, na mjukuu wake hajui, wala hatapata nauli ya kwenda kulisoma.

Jirani zetu wa Kongo walifanya vingine. Faradje, magharibi ya Koboko ukishapita Aba, kuna mnara wa umbo la piramidi wa kukumbuka safari ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, kwenda Uhabeshi: Asosa, Gambela, na Saïo, ambako jenerali wa Kiitalia Gazzera alisalimu amri tarehe 3 Julai 1941. Walau uko njiani, watu wanaupita.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mbali, Cape Town. Januari 2025, katika bustani ya zamani katikati ya mji, iitwayo Company's Garden, ulifunguliwa mnara wa Waafrika Kusini weusi waliohudumu jeshini kama vibarua katika vita vya kwanza. Ni nguzo 1,772 za mbao, kila moja kwa mtu mmoja, na jina lake na tarehe ya kufa. Hakuna sanamu ya shujaa. Mtu anatembea kati ya nguzo, mtoto anaweza kuigusa ya babu yake. Hicho ndicho ningependa Arua na Koboko zifanye katika bustani za mji, mahali watu wanapopumzika wakitoka sokoni.

Najua kuna wanaosita. Kwetu neno askari limefungwa na jina la Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946, na kisasi cha baada ya kuanguka kwake mwaka 1979 tulikilipa sisi raia. Ombaci tuna mnara wa wale waliouawa na wanajeshi wa serikali wa UNLA tarehe 24 Juni 1981, wakiwa wamekimbilia misheni. Lakini aliyekufa Kabaw mwaka 1944 hakumjua Amin wala hakumdhuru mtu kwa niaba yake. Kumnyima jina kwa sababu ya yaliyotokea miaka 35 baadaye ni dhuluma, na nasema hivyo nikijua nitajibiwa.

Ugumu halisi ni wa kazi. Makarani waliandika majina ya Kilugbara na Kikakwa jinsi masikio yao yalivyosikia, na wako akina Juma wengi. Kinachomtenga mtu na mwenzake ni namba yake ya jeshi. Nishani za vita vya kwanza kwa kawaida zilichongwa namba na jina ukingoni. Burma Star hazikuchongwa, kwa hiyo zenyewe hazitoshi. Kinachohitajika ni hati ya kuachishwa jeshi, au barua yoyote ya malipo. Nyingi zilipotea mwaka 1980, watu walipokimbilia Zaire na Sudani, lakini nyingine zilibebwa ndani ya Biblia na Misahafu zikarudi. Mwenye nayo asiitoe mikononi mwake. Anakili namba, jina kama lilivyoandikwa, kijiji na jina la chifu, apeleke nakala hiyo kwa imamu au paroko wake. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi ya kulinganisha namba hizo na orodha za Taukkyan na Nairobi.