SDK: Kifurushi cha Zana za Kuundia Programu

SDK ni kifurushi cha zana ambacho mwenye mfumo huwapa waandaaji wa programu ili wasianze kila kitu upya. Ndani yake mna misimbo iliyo tayari, maelekezo na vifaa vya majaribio.

Mfano: muuza matunda wa soko la Buguruni anataka programu ya simu ya kupokelea oda na malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Mwandaaji hutumia SDK ya Android kuunda kurasa na vitufe. Seva yake hutuma ombi la malipo M-Pesa kupitia API.

Tofauti: API ni mlango wa mawasiliano kati ya mifumo, SDK ni sanduku la zana.

Angalizo: ufunguo wa siri hukaa kwenye seva. Ukiwekwa ndani ya programu, mtu anaweza kuifumua programu hiyo, akauona na kuutumia kwa jina la mfanyabiashara.