Mgonjwa wa Kitandani: Mgeuze Kabla ya Kidonda

Ikiwa uko jikoni au dukani, sogea karibu na redio yako. Leo tunazungumza nawe mama, na wewe mlezi, unayemtunza nyumbani mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani.

Tuseme mama mkwe wako alipatwa na kiharusi. Alilazwa majuma mawili, kisha akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Mkono na mguu wa kushoto hauna nguvu. Unampikia uji, unampa dawa kwa wakati, unamwosha. Siku moja unapombadilisha nguo, unaona alama nyeusi juu kidogo ya makalio, pale uti wa mgongo unapoishia. Unadhani ni joto la godoro. Baada ya siku chache ngozi imechubuka, kisha pana shimo. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa, au kwamba humtunzi.

Hajarogwa. Hicho ni kidonda cha kulalia. Hakiletwi na kiharusi chenyewe, bali na kulala mahali pamoja kwa muda mrefu. Habari njema ni kwamba vidonda vingi vya aina hii vinaweza kuzuiwa, tena bila dawa za bei ghali.

Kidonda huanzaje?

Wewe na mimi tukilala, hugeuka mara nyingi usiku bila kujua. Mgonjwa hawezi. Uzito wake unaifinya ngozi kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu inabanwa, na mahali hapo panakosa damu. Saa chache tu zinatosha kuleta madhara. Mara nyingi nyama ya ndani, karibu na mfupa, huharibika kwanza. Ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo kwa nje kinaweza kuwa kikubwa ndani. Mkojo na jasho hulainisha ngozi na kuzidisha hatari.

Dawa ya kwanza ni kumgeuza

Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili, isipokuwa muuguzi amekupa mpango mwingine. Kwa mfano, saa kumi na mbili asubuhi alale ubavu wa kulia, saa mbili alale chali, saa nne ubavu wa kushoto, kisha uanze tena. Upande uliopooza usilaliwe muda mrefu. Andika ratiba na uibandike ukutani. Kama huna saa, redio yako itakusaidia: kila baada ya taarifa mbili za habari za kila saa, mgeuze.

Kwanza mwambie unachotaka kufanya, hata kama hawezi kujibu: "Mama, sasa nakugeuza uelekee dirishani." Huyo ni mtu mzima, si mzigo. Simama upande anakoelekea. Weka mkono wake wa mbali juu ya kifua, kunja goti lake la mbali, kisha shika bega na nyonga ya upande huo umvute taratibu kuelekea kwako. Usimvute kwa mkono uliopooza, maana utaumiza bega. Mwekee mto mgongoni ili aegemee nyuma kidogo, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Weka mto mwingine katikati ya magoti. Akilala chali, weka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mito ikikosekana, kunja blanketi.

Ukitaka kumsogeza juu, usimburute. Mtandikie shuka iliyokunjwa chini ya mwili, kisha watu wawili mmwinue kwa shuka hiyo.

Kagua ngozi kila siku

Unapomwosha, funga mlango na umfunike leso, ukifunua sehemu unayoosha tu. Tazama kisogo, mabega, viwiko, chini ya mgongo, nyonga, vifundo vya miguu na visigino. Kwa ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta mahali palipokolea rangi kuliko ngozi ya jirani, penye joto, pagumu, palipolegea au panapouma. Ukiona alama hiyo, mgonjwa asipalalie tena hadi papone, na umjulishe muuguzi.

Tumia maji vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kausha kwa kubonyeza taulo, usisugue. Akijikojolea, mbadilishe mara moja na umpake mafuta ya mgando kidogo. Nyoosha shuka zisiwe na makunyanzi, na upanguse makombo ya chakula.

Chakula nacho ni dawa. Ngozi huhitaji mayai, maharagwe, ndengu, omena au maziwa, pamoja na matunda, mboga na maji ya kutosha, kulingana na alivyoshauri daktari.

Mambo ya kuepuka

Usisugue wala kukanda mahali palipobadilika rangi, kwani utazidi kuumiza nyama iliyo chini. Usipake spiriti, majivu, dawa ya meno wala majani. Usimkalishe juu ya mpira wenye tundu katikati, kwa sababu ukingo wake hubana damu.

Ngozi ikishapasuka, mwite mhamasishaji wa afya ya jamii au nenda kituo cha afya uonyeshwe jinsi ya kusafisha na kufunga kidonda. Ukiona usaha, harufu mbaya, nyama nyeusi, homa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini, kwa kuwa viini vinaweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha yake.

Mwisho, mama, usiibebe kazi hii peke yako. Kugeuza mtu mchana na usiku kunachosha. Iteni familia mgawane zamu: mume, shemeji, vijana wakubwa wa nyumbani, kila mmoja afundishwe. Mlezi aliyelala vizuri hukumbuka saa ya kugeuza.

Kumbuka: mgeuze, mkaushe, mkague, mlishe. Hadi kipindi kijacho, nakutakia wewe na mgonjwa wako afya njema.