PAKA ANAVYOMTAMBUA MWENYEWE NA ANAVYOUVUMILIA UPWEKE

Katika miji ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, watu wengi hutoka majumbani mwao kabla ya mapambazuko kwenda kazini Nairobi au viwandani, wasirudi mpaka giza limeingia. Zamani paka wa sehemu hizi alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi. Aliingia na kutoka apendavyo, na mchana hapakukosa mtu uani. Lakini mashamba mengi ya kahawa karibu na Ruiru yamegeuzwa kuwa viwanja vya nyumba, na tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi katika mwaka 2012 nyumba za ghorofa zimezidi kujengwa kandokando yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru ulikuwa na wakazi zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Paka naye amehamia ghorofani pamoja na wapangaji, na huko hufungiwa chumbani kutwa nzima.

Kutokana na hayo malalamiko ni mengi. Mtu arudipo jioni hukuta kitanda kimekojolewa na kiti kimekwaruzwa, na jirani humwambia kwamba paka alilia tangu asubuhi. Basi husemwa kwamba paka ana kiburi, kwamba hupenda nyumba na chakula tu wala hamjali mtu, na kwamba amekojoa kitandani ili alipe kisasi. Mwisho wake paka hutiwa guniani akatupwa sokoni au kando ya mto. Adhabu hiyo hutolewa kwa kosa ambalo paka hakulikusudia, na yafaa kila mwenye paka aelewe sababu.

Je, Paka Humjua Mwenyewe?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa majaribio. Katika mwaka 2013 huko Japani, Bibi Atsuko Saito na mwenzake waliwasikilizisha paka 20 sauti za wageni wakiwaita kwa majina yao, kisha sauti ya mwenyewe. Sauti za wageni ziliwachosha upesi, lakini waliposikia sauti ya mwenyewe wengi waligeuza masikio na vichwa. Hata hivyo ni wachache sana walioinuka. Ndiyo maana mtu huita, akaona paka amelala vivyo hivyo, akadhani hakutambuliwa. Kumbe ametambuliwa, ila hakujibiwa.

Tofauti hii kati ya paka na mbwa ina asili yake. Mbwa alifundishwa tangu zamani za kale kutii na kufanya kazi pamoja na watu. Paka alikuja mwenyewe, yapata miaka 10,000 iliyopita, akiwafuata panya katika maghala ya wakulima wa Mashariki ya Kati. Babu yake ni paka pori wa Afrika, ambaye hata leo yumo katika mbuga za Kenya, na ambaye huwinda peke yake bila kungoja amri ya yeyote.

Pua ya paka nayo hufanya kazi kubwa. Katika majaribio yaliyotangazwa Tokyo mwaka 2025, paka 30 walipewa harufu ya mwenyewe na harufu ya mtu mgeni. Ile ya mgeni waliinusa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ya mwenyewe walikwisha izoea. Paka asuguapo shavu mguuni pa mtu, humpaka harufu yake ili wawe wa nyumba moja. Ainuapo mkia wima anapomlaki mtu, humwamkia kwa urafiki. Na kulia "nyau" ni jambo ambalo paka wazima hulifanya mara chache wao kwa wao. Sauti hiyo huitumia zaidi kuwaita watu.

Katika mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walitoa habari za watoto 70 wa paka. Kila mmoja aliwekwa na mwenyewe katika chumba kigeni, akaachwa peke yake kwa dakika mbili, kisha mwenyewe akarudi. Katika kila 100, kiasi cha 64 walitulia mara walipomwona, wakamkaribia kidogo, kisha wakaendelea kukikagua chumba bila hofu. Maana yake ni kwamba wengi wao walimwona mtu huyo kuwa kimbilio lao, kama mtoto amwonavyo mlezi wake.

Kukaa Peke Yake

Ikiwa mtu ni kimbilio, kutokuwapo kwake hakuwezi kuwa kitu bure. Huko Uswidi, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2017, paka 14 waliangaliwa walipoachwa nyumbani kwa nusu saa, na tena walipoachwa kwa saa nne. Baada ya saa nne walikoroma kwa furaha na kujinyoosha zaidi mwenyewe aliporudi. Katika mwaka 2020 wataalamu wa Brazil waliuliza habari za paka 223, wakaona 30 kati yao wana dalili za kutaabishwa na upweke: kuharibu vitu, kulia sana, kukojoa mahali pasipofaa, au kuzubaa. Dalili hizo zilionekana zaidi katika nyumba ambazo paka hakuwa na kitu cha kuchezea wala mnyama mwenzake, na ambamo aliachwa peke yake mara tano hadi saba kwa juma.

Kwa hiyo si kila paka ataabikaye, na paka mzima mwenye afya aweza kuivumilia siku ya kazi akitayarishiwa vema. Kuhusu kitanda, madaktari wa mifugo hueleza kwamba hapo ndipo penye harufu nyingi ya mwenyewe, na paka mwenye wasiwasi huchanganya harufu yake na hiyo ili apate utulivu. Kumpiga humzidishia wasiwasi. Tena yampasa mtu akumbuke kwamba huenda ni ugonjwa. Paka dume anayejikamua asitoe mkojo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani aweza kufa upesi.

Mambo Yafaayo Kutendwa

Kwanza, awe na saa za kawaida. Kabla ya kutoka, na tena baada ya kurudi, mtu achukue dakika kumi kumburutia kitambaa kilichofungwa uzi, akikimbize kama panya, kisha ampe chakula. Uzi ufichwe baadaye, maana paka akiumeza waweza kumkata matumbo.

Pili, awe na karai la mchanga, liwe mbali na chakula, nalo lisafishwe kila siku. Mara nyingi paka hachagui kitanda ikiwa mahali pake ni safi.

Tatu, awekewe mahali pa juu karibu na dirisha atazame njia na ndege, na katoni tupu ya kujificha. Ghorofani dirisha litiwe wavu.

Nne, chakula. Wahenga walisema, "Paka hashibi kwa wali, matilo yake ni panya." Mwili wa paka hauwezi kuishi bila nyama au samaki, ugali na maziwa havimtoshi, na maziwa huwaharisha paka wazima wengi. Omena zilizochemshwa bila chumvi humsaidia, na nyingine zaweza kufichwa pembeni mwa nyumba ili azitafute mchana. Maji safi yasikosekane.

Tano, watoto wawili wa mama mmoja hukaa vema pamoja. Lakini kumletea paka mzima mwenzake asiyemjua huweza kuleta vita.

Sita, mtu anayelala nje amwombe jirani aje kumwangalia. Na ahamapo, asimwache nyuma. Huko aendako amweke kwanza katika chumba kimoja pamoja na nguo za zamani zenye harufu ya nyumbani, asimtoe nje kwa majuma mawili au matatu.

Jambo hili lawahusu hata wasiofuga. Paka naye hupata kichaa cha mbwa na aweza kuwaambukiza watu, na Kenya imekusudia kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Paka wa nyumbani huchanjwa na daktari wa mifugo. Paka aliyetupwa hana wa kumpeleka, naye huzaa sokoni watoto wasiochanjwa. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humlinda paka kama wanyama wengine. Basi mpangaji wa Ruiru au Thika akutaye kitanda kimelowa, kabla ya kutafuta gunia, na alitazame karai la mchanga, na ahesabu ni saa ngapi mlango ulikuwa umefungwa.